Mdudu wa Kilwa Anajulikana, Mimi Bado

Wenzangu wakipata mgeni kutoka Pwani wanapata korosho. Wanapata nazi. Wanapata hata samaki mkavu, ananukisha nyumba nzima lakini basi, ni zawadi. Mimi nimeletewa tope. Tope, jirani yangu! Hapa Njombe, ambapo masika tope linakufuata mpaka uvunguni, mtu kapanda basi na tope lake, kalifunga vizuri kwenye boksi, kaja kulishusha Makambako.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, anasoma jiolojia chuoni. Nikaambiwa nikampokee stendi ya Makambako kwa sababu gari linafika usiku na mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Yakija mambo ya baridi na mizigo, mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Nyama ikigawiwa hakuna anayekumbuka. Nikasimama pale, upepo wa Makambako unanipekua mifuko kuliko askari, mpaka basi likaingia.

Konda akashusha boksi, akaguna. "Mzee, humu mna nini? Mbona zito hivi?"

Sasa mpwa alishanidokeza kwenye simu. Na mimi siwezi kukaa na neno. Nikajibu kwa sauti, watu wasikie: "Humo mna vitu vya milioni thelathini na nne!"

Nilimaanisha miaka. Stendi nzima ikasikia shilingi.

Konda akaweka mguu juu ya boksi. "Mzigo wa milioni thelathini na nne mmelipia elfu tatu?" Wapiga debe wakasogea. Bodaboda wakasogea. Mmoja akajitolea kunisindikiza mpaka nyumbani, macho yake sikuyapenda. Ikabidi boksi lifunguliwe palepale chini ya taa. Mfuko wa nailoni. Ndani tope, la kijivu, linaelekea kijani. Mama wa chai akachungulia, akauliza ni dawa ya nini. Nikasema si dawa mama, ni wadudu wa baharini, wamekufa zamani. Akarudi kwenye birika lake bila kuaga. Konda akachukua elfu tano ya usumbufu, akaondoka na gari lake kuelekea Mbeya, na nina hakika alinisimulia mpaka Igawa.

Tumefika nyumbani, ndipo nikaelezwa. Kwanza nimekatazwa kusema mdudu. Mdudu ana miguu, Anko. Huyu ni kiumbe cha seli moja, anaitwa foraminifera. Moja! Mimi nina seli matrilioni na hakuna hata moja inayonisaidia. Yeye na hiyo moja yake anajijengea nyumba ya chokaa, chumba baada ya chumba, huku anaelea baharini karibu na juu. Hana fundi. Hana deni la saruji. Akifa, nyumba inazama mpaka sakafu ya bahari, tope linaifunika, yakipita mamilioni ya miaka sakafu inainuka inakuwa nchi kavu, halafu mpwa wangu anaileta sebuleni kwangu. Nitaendelea kumwita mdudu. Kodi ya nyumba nalipa mimi.

Tope lenyewe ni la kusini, kule Kilwa na Lindi, mabaki ya mazoezi aliyopewa na mwalimu wake. Kumbe kule watu wamechoronga sana. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, profesa mmoja Mwingereza, Paul Pearson, na wenzake, pamoja na wataalamu wetu wa TPDC, lile shirika la petroli, walitoboa visima katika Mradi wa Uchorongaji Tanzania. Nikauliza, wamepata mafuta? Hapana. Gesi? Hawakuwa wanatafuta gesi. Maji? Anko, walikuwa wanatafuta tope lenyewe. Wametoboa zaidi ya visima 30, wanatoa tope katika vipande virefu vya mviringo, wanavipanga kwenye maboksi kwa namba, wanashukuru, wanaondoka. Mimi kisima changu kimoja tu nilichimba nikapata tope, na hakuna profesa aliyenipongeza.

"Na hapa Njombe?" nikauliza. Maana na sisi tuna ardhi.

"Hapa hamna, Anko. Miamba yenu hii ni mikongwe mno, mingine imepita miaka bilioni moja. Bahari ya hawa wadogo haikufika huku."

Hata wao hawakufika huku. Nikajisikia vibaya kwa niaba ya mkoa.

Lakini lililoniuma hasa ni la Nangurukuru. Unaijua Nangurukuru? Njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, unashuka, unanunua maji, unapanda tena. Basi wanajiolojia wameyagawa matabaka ya kule, moja wakaliita Nangurukuru, lingine Kivinje, lingine Masoko, lingine Pande. Yapo kwenye vitabu, dunia nzima inasoma. Nangurukuru! Njia panda! Sasa na Makambako je? Barabara ya Mbeya ipo, ya Songea ipo, reli ya TAZARA inapita. Kama sifa ni njia panda, sisi tulitakiwa kuwa na matabaka mawili. Mpwa akasema tabaka haliitwi kwa wingi wa magari. Nikanyamaza, lakini sikuridhika na mpaka sasa sijaridhika.

Asubuhi yake kazi ikaanza, na kazi katika nyumba yangu huwa inaanza na beseni langu la kuogea. Tope likalowekwa. Likalegea. Likamiminwa kwenye chekeche moja ambalo ukiliangalia unaapa halina matundu. Anasema yapo, kila tundu mikroni 63, yaani milimita moja uigawe mara elfu, uchukue 63. Juu ya hapo ni maji. Maji mengi. Nani anachota? Mwanaume wa nyumba. Ndoo inakwenda, ndoo inarudi, vidole vimekufa ganzi, tope linapita na maji, linapita, linapita, na mwisho juu ya chekeche kimebaki nini? Robo kijiko cha mchanga mweupe. Nikauliza kwa upole kama kilichomwagika siyo ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Halafu ule mchanga lazima ukauke taratibu, karibu na jiko la mkaa. Karibu na jiko la mkaa ndipo ninapokaa mimi. Mwezi wa saba Njombe ile nafasi haiachwi hivihivi, watu wanagombana na ndugu kwa sababu yake. Nikahamishwa. Mke wangu ndiye aliyenihamisha, tena kwa mkono, "Baba Neema, hebu sogea, wageni wakauke." Wageni! Nikakaa mlangoni na blanketi, naitazama robo kijiko ya mchanga inaota moto wangu.

Ulipokauka, pumzi ikapigwa marufuku. Kweli kabisa. Kila chembe ni ndogo kuliko milimita, ukikohoa umepeleka Eosini yote, yaani zama za hawa wadudu, chini ya kabati. Mpwa kainama kwenye hadubini yake, ana kibrashi chenye nywele chache, anakilowesha ncha, anagusa punje moja, anainyanyua, anaipanga kwenye kikadi cheusi chenye vyumba vyenye namba. Punje moja moja. Nyumba nzima kimya. Mimi nina mafua tangu mwezi wa tano. Unajua kazi ya kuzuia chafya mbele ya mama mkwe?

Ndiyo, mama mkwe alikuwepo. Alikuja wiki ile kusalimia na akasema haondoki mpaka ajue hilo tope ni la nini.

Akaangalia mama watoto. "Jamani! Vina miiba!" Akaangalia mama mkwe, bila miwani, mtu wa umri wake. Akakaa muda, akatikisa kichwa, akasema, "Mungu fundi." Ikafika zamu yangu. Nikainama. Nikafumba jicho moja, nikafumbua, nikafumba lingine. Nikaona! Nikasema kwa utulivu wa mtaalamu: ni kiumbe mweusi, mwembamba, ana miguu mirefu kumi hivi, imepinda kwa juu, na anatembea. Mpwa akashtuka. Anatembea? Anatembea, nikasema, kila nikipepesa jicho anashuka.

"Anko, hizo ni kope zako."

Mama mkwe ana heshima zake, hakucheka. Alitoka nje. Akacheka huko, tukamsikia.

Baadaye nilimwona kweli, nikisaidiwa kushikwa kichwa. Anaitwa Hantkenina, jina limetokana na Miksa Hantken, mtaalamu wa Hungaria. Nikwambie alivyo? Chukua gurudumu la baiskeli ya mtoto, pigia misumari kuzunguka, uelekeze misumari nje. Ndiyo yeye. Kila chumba na mwiba wake, na mwiba wenyewe una uwazi ndani. Na anang'aa! Nilidhani kitu cha miaka milioni 34 kitakuwa kimechakaa, kina ukoga, kina ufa. Wapi. Ukuta wake unapitisha mwanga, ungesema kioo cha dukani.

Hapo ndipo kusini kulipopata sifa. Sehemu nyingi za dunia, anasema mpwa, ganda la hivi likikaa kwenye sakafu ya bahari linaanza kujengeka upya taratibu, chokaa mpya inashika juu ya ile ya zamani, linakuwa jeupe zito, halioneshi kitu. Linakudanganya. Ukilipima linakwambia bahari ya tropiki zamani zile ilikuwa ya baridi, kumbe lile ni joto la chini kabisa sakafuni lililoingia baadaye. Lakini udongo wa Kilwa na Lindi ni mfinyanzi, umebana, maji hayapenyi. Ganda limekaa humo limefungwa, halijaguswa. Mwaka 2001 Pearson na wenzake wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba maganda ya Tanzania yanasema kweli: bahari ilikuwa na joto. Wanasayansi walikuwa wanaumiza vichwa, jibu lilikuwa limekaa kusini huko linasubiri nauli.

Tena mwaka 2009 wakarudi na jingine. Ndani ya yale maganda kuna boroni, na ukijua kuisoma inakupa fununu ya hewa ya ukaa iliyokuwa angani zama hizo. Wakaona hewa ya ukaa ilishuka wakati barafu inaanza kutanda Antaktika. Na huyu wangu wa misumari, Hantkenina, ndipo alipotoweka duniani kote. Kutoweka kwake ndiyo alama rasmi: hapa Eosini imeisha, hapa Oligosini imeanza. Kafa, na kufa kwake kumekuwa kalenda. Mimi nikifa sanasana watabadilisha tarehe ya harusi ya mtu.

Sasa niambie mwenyewe nisiumie. Kiumbe cha seli moja, miaka milioni 34 chini ya udongo, alama zake zote zipo. Zangu zimefutika na bado nipo hai! Kuna ofisi moja nilikwenda kushughulikia kitambulisho. Weka kidole. Nikaweka. Mashine kimya. Toa, pangusa, weka tena. Kimya. Paka mafuta. Nikapaka. Bado. Weka cha pili, weka gumba, weka mkono mwingine. Miaka yote nimebeba mbao za paini, utomvu na vibanzi vimelamba kila kitu, vidole vyangu laini mithili ya… basi tuseme laini tu. Kijana wa mashine akaniangalia, watu foleni nzima nyuma yangu, akauliza, "Mzee, hivi kweli hivi ni vidole?"

Nikaviangalia na mimi. Hadi leo navitilia shaka.

Nikamweleza mpwa. Nilitegemea pole. Akasema, "Anko, tatizo lako hujaelezewa rasmi." Akanifundisha mdudu mpya anavyosajiliwa, na hapo nikajua kumbe mimi nimeishi kiholela.

Huwezi kuokota kitu ukakiita kipya. Kwanza utafute wengi wa namna hiyo, maana mmoja anaweza kuwa kilema. Uwalinganishe na ndugu zao wote wanaojulikana, walio hai na waliokufa, useme wazi huyu anatofautiana na yule kwa lipi: vyumba vingapi, mdomo uko wapi, mwiba umeota pembeni au nchani. Uwapige picha kwa hadubini ya elektroni, na kabla ya picha unawapaka dhahabu. Dhahabu! Hapo mke wangu akanitazama kwa muda mrefu. Pete yake ya ndoa anaijua historia yake. Nikajifanya napanga mkaa.

Halafu kati ya hao wote unamchagua mmoja. Mmoja tu. Huyo ndiye mfano rasmi, ndiye anayebeba jina, na unampeleka makumbusho anawekwa kwa namba, ili mtu yeyote kutoka popote akibisha aende akamtazame. Ueleze alipatikana kisima gani, kina gani. Ueleze jina limetoka wapi. Jina lako mwenyewe hujipi, si adabu. Unampa mwingine.

Na hilo limefanyika hapa kwetu. Mwaka 2014 Pearson na mwenzake Helen Coxall walichapisha habari ya asili ya hao Hantkenina. Watu walikuwa wanabishana miaka mingi: huyu mwenye misumari alitoka kwa nani? Kwenye udongo wa Tanzania wakaupata mfululizo wenyewe, hatua kwa hatua. Babu anaitwa Clavigerinella, hana misumari, vyumba vyake vimerefuka tu. Wajukuu wanaanza kuchongoka nchani. Wanachongoka zaidi. Mwisho mwiba huo hapo. Spishi mojawapo ya mwanzo kabisa wakaipa jina la Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC, Mtanzania. Nikafurahi, sikatai. Nikamuuliza mpwa kama mchota maji naye huwa anakumbukwa. Akasema huwa wanamshukuru mwishoni, kwa herufi ndogo.

Kuna sheria moja niliipenda zaidi. Ikigundulika kiumbe kimoja kilipewa majina mawili na watu wawili, lile la kwanza kuchapishwa ndilo linashika, lingine linawekwa kando. Kwisha. Hakuna njoo kesho. Mimi jina langu kwenye cheti cha ubatizo lina L, kwenye kadi ya kura lina R, kwenye cheti cha shule kuna herufi hata mwalimu hakuijua. Kila ofisi inaniambia yule wa ofisi nyingine siyo mimi. Ningekuwa ganda la milimita nusu kesi yangu ingekuwa imeisha zamani.

Basi mpwa akachukua karatasi. "Anko, kaa, nikuelezee, upeleke mtaani wakupe barua ya utambulisho." Nikakaa. Mke akawa shahidi, mama mkwe akawa mhakiki. Nakusomea ilivyokuwa:

"Maelezo: dume, umri wa kati, umbo la wastani linalopanuka katikati. Paji la uso pana, lililoendelea mpaka utosini. Mdomo mkubwa, uko wazi muda mwingi. Vidole bila alama. Tofauti: anafanana sana na kaka yake mkubwa, ila kaka yake ana ng'ombe. Makazi: hupatikana karibu na jiko, akihamishwa hulalamika. Mahali pa mfano: Njombe mjini. Kuenea: huonekana pia Makambako, nyakati za usiku, akiwa na mizigo."

Nilipinga lile la ng'ombe. Mama mkwe akasema hilo ndilo la msingi, ndilo litakalowasaidia kututofautisha, lisifutwe. Huwezi kubishana na mama mkwe kuhusu ng'ombe. Ni yeye anayejua walioletwa wakati wa mahari, na wasioletwa.

Nikaipeleka. Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa, siku yenyewe ilikuwa ya mbolea ya ruzuku, kila mtu yupo. Nikasalimia, kamwene, nikamkabidhi mtendaji karatasi imekunjwa, nikategemea ataisoma kimoyomoyo. Akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti. Yote. Alipofika kwenye mdomo mkubwa, akanyanyua macho akathibitisha, akaendelea. Watu walishika madawati.

Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba huo ndio utaratibu wa kisayansi, hata wale wa Kilwa waliandikwa hivyohivyo, na kuna mfano mmoja rasmi huwa unahifadhiwa kwenye taasisi, wenye mashaka wakautazame. Nilitaka aone nimeelimika. Akafikiri.

"Sawa," akasema. "Mwenyekiti hayupo mpaka jioni, na muhuri anao yeye. Kwa hiyo mfano ukae pale kwenye benchi. Mwenye mashaka atautazama."

Nikakaa. Karatasi ikabandikwa ubaoni juu yangu, kati ya tangazo la chanjo ya mifugo na orodha ya mbolea. Watu wakawa wanapita. Mtu anasoma mstari, ananiangalia, anasoma mwingine, ananizunguka anatazama kwa nyuma. Mtoto mmoja akaniomba nifungue mdomo. Mzee mmoja wa kata ya Ramadhani, simjui hanijui, akaisoma toka juu mpaka chini kidole kikifuata maneno, akarudi mstari wa tatu, akanitazama kichwa kwa makini, halafu akamwita mtendaji.

"Mwanangu, hapa kwenye paji la uso mmempunja."